Aliyelijua Neno

Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa ziwa, na omena wa Dorca, wale dagaa wadogo wa ziwani, walikuwa bado wameanikwa kwenye nyavu. Omena aliyenyeshewa hana mnunuzi. Anaishia kuwa chakula cha kuku. Dorca alipiga magoti, akawafagia haraka kwenye karai. Mjukuu wake Mercyline, wa miaka minane, ndiye aliyepaswa kumshikia gunia.

Gunia lilikuwa chini. Mercyline hakuwepo.

Alimwona kwenye ua wa minyaa. Alikuwa amechuchumaa, kichwa kimeinama, kama mtu anayenong'onezwa siri.

"Mercy! Unaongea na nani?"

"Hakuna, Dani," alimjibu bibi yake.

Upande wa pili wa ua ule ilikuwa nyumba ya Absalom.

Absalom alirudi mwezi wa tatu, na begi moja. Alikuwa ametumikia miaka kumi na minne gerezani kwa kumuua Achola, kitinda mimba wa Dorca. Achola naye alikuwa na miaka minane. Watu wawili walimwona akitembea nyuma ya Absalom kwenye njia ya mafunjo, jioni kama hii. Kiatu chake kimoja kilipatikana ndani ya mtumbwi wa Absalom. Mwili haukupatikana. Mahakamani Absalom hakusema uko wapi. Hakusema chochote.

Familia ilingoja miezi mitano, kisha ikafanya inavyofanywa mtu anapopotelea ziwani. Walikata tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia kwa kamba yake juu ya mti, wakalizika mahali pa mtoto. Dorca mwenyewe ndiye aliyelivisha sweta ya shule. Shangazi zake walimwambia sasa Achola amelala nyumbani. Alitaka sana kuwaamini.

Wiki aliyorudi Absalom, watu wa nyumba kumi walikutana mbele ya duka la Ogola. Vijana walitaka kuichoma nyumba. Mzee Ondiek aliwanyamazisha.

"Mtu amemaliza kifungo. Sheria imesema arudi kwao. Hapa hatuchomi nyumba ya mtu. Tutalinda watoto."

Mwalimu Agneta alikuwa na mpango. Hakuna mtoto kwenda ziwani peke yake. Kila mtoto avae filimbi shingoni. Na kila nyumba iwe na neno la siri, neno linalojulikana na watu wa nyumba hiyo tu. Mtu akija akisema ametumwa na mzazi, mtoto amuulize neno. Asipolijua, piga filimbi, kimbia.

"Mwalimu, na sisi wazee tutapewa filimbi?" Mama Fabian aliuliza.

"Wewe nani atakuiba?" mtu akamjibu kutoka nyuma. "Atakurudisha kabla jua halijazama, na nauli juu!"

Watu walicheka. Hata Dorca alicheka kidogo, akashangaa kujisikia.

Jioni ile alichagua neno la nyumba yake bila kufikiri sana. Mkebe wa bluu. Zamani alikuwa nao mkebe kama huo, uvunguni mwa kitanda, akifichia sukari nguru. Hakumwambia mtu neno hilo ila Mercyline. Hata Calvince, mwanawe, baba ya mtoto, anayechomelea vyuma huko Kisumu mjini, hakuambiwa.

Sasa Dorca aliliacha karai, akaenda hadi kwenye ua. Kulikuwa na harufu ya tope bichi, lile jeusi la chini ya mafunjo. Siku nne mvua ilikuwa haijanyesha.

"Mercy. Nitazame. Nani alikuwa hapo?"

Mtoto alichora mchanga kwa kidole cha mguu. "Ni sawa, Dani. Alisema neno."

"Neno gani?"

"Letu. Mkebe wa bluu."

Dorca alimvuta mtoto mbali na ua.

Mkebe ule ulikuwa siri ya watu wawili. Mmoja ni yeye. Wa pili ni Achola, aliyekuwa akiingia uvunguni kwa magoti na kutoka na mashavu yamevimba, akiapa hajala kitu. Basi Achola alimwambia yule mtu. Kwenye njia ya mafunjo, alipoanza kuogopa, labda aliahidi sukari nguru ili arudishwe kwa mama yake. Dorca hakuweza kuliwaza jambo hilo hadi mwisho.

Alimwingiza Mercyline ndani.

"Funga komeo. Usimfungulie mtu mpaka aseme neno. Umesikia?"

"Ndiyo, Dani."

Alichukua panga, akazunguka ua.

Mlango wa Absalom ulikuwa umefungwa. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa mabati, likapigiliwa misumari kutoka ndani. Jua lilikuwa limebaki ukanda mwembamba juu ya maji.

Aligonga kwa mpini wa panga.

Sauti ilitoka chini, karibu na sakafu. "Enda. Tafadhali enda."

"Ni mimi. Fungua!"

Halafu, karibu zaidi na mlango, "Mama Achola?"

Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameitwa Mama Calvince. Watu waliliacha lile jina lingine kwa kumhurumia.

"Usiniite hivyo. Umemwambia nini mjukuu wangu?"

"Mimi sitoki saa hizi, mama. Uliza mtu yeyote kama ashaniona nje jua likienda." Alikuwa akinong'ona. "Yeye ndiye huja. Anaanzia hapa kwangu. Anagonga... anasema anasikia baridi. Mimi simfungulii. Akichoka anaenda huko kwenye ua."

"Nani?"

Kitu kizito kilisukumwa nyuma ya mlango.

"Absalom. Mtoto wangu ulimweka wapi?"

"Kwa mafunjo. Pale maji yanaingia." Alikuwa analia sasa. "Nilirudi asubuhi kumtoa. Naapa nilirudi. Hakuwepo, mama. Palikuwa na shimo la maji tu."

Dorca alitazama mlango. Sehemu ya chini ilikuwa na alama za tope. Nyingi. Zilizokauka, na juu yake mbichi. Zote zilikuwa kwenye kimo cha kiuno chake. Zote zilikuwa ndogo, za ukubwa wa ngumi ya mtoto.

Ndipo akakumbuka alichomwambia Mercyline mlangoni.

Mpaka aseme neno.

Filimbi ililia mara moja tu. Ilitoka upande wa ziwa.

Alikimbia. Alipita mbele ya nyumba yake na mlango ulikuwa wazi, komeo limevutwa vizuri, kama mtu anavyomfungulia mgeni wa nyumbani. Alikanyaga omena wake. Alipita kaburi dogo lenye msalaba wa mbao, akashuka njia ya mafunjo ambayo hakuwa ameikanyaga tangu mazishi.

Mercyline alikuwa ndani ya maji. Yalimfika magotini. Alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto mbele, kama mtoto anayevushwa barabara.

Aliyemshika mkono hakuonekana. Lakini mbele ya mtoto, maji yalikuwa yakifanya mawimbi mengine madogo. Ya miguu mingine miwili.

"Mercy!"

Dorca aliingia majini, akaudaka mkono wa kulia. Akavuta. Upande wa pili nao ukavuta. Mtoto hakulia. Alionekana kama mtu aliye usingizini.

"Anasema nitalala na yeye," Mercyline alisema polepole. "Anasema kwake hakuna mtu."

Mafunjo yalinyamaza. Hata vyura.

Kisha, karibu sana...

"Mama."

Dorca aliijua sauti ile. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amemwomba Mungu amjalie kuisikia mara moja tu, hata ndotoni. Ilikuwa na kile kimafua cha asubuhi kisichopona.

"Mama, mimi siko pale mlipozika."

Mdomo wake ulikuwa tayari umelishika neno. Nyathina. Mwanangu. Hakuna kitu kingine duniani alichotaka kusema. Lakini alijua, kama kila mtu aliyezaliwa kando ya maji yale anavyojua, kwamba aliyekufa ukimwitikia umemkaribisha. Angewafuata. Angeingia nyumbani kwa mama yake. Na kitanda cha mtoto ndani ya nyumba ile kilikuwa kimoja, na mwenye kitanda, Mercyline, alikuwa hapa, vidole vyake vinazidi kuwa baridi mkononi mwa Dorca.

"Sikujui," Dorca alisema.

"Ni mimi, mama. Ni Achola."

"Sikujui, mtoto. Mwache huyu. Mimi si mama yako."

Maji yalisimama.

"Na mkebe? Mama... mkebe wa bluu."

"Hakuna mkebe. Hapakuwa na mkebe. Nenda."

Mkono ule mwingine uliachilia. Mercyline alimwangukia kifuani, mzito, akaanza kutetemeka. Dorca alimbeba mgongoni, akapanda ule mteremko bila kugeuka. Nyuma yake alisikia kilio. Si cha hasira. Kilikuwa cha mtoto aliyechapwa bila kujua kosa, anayemeza pumzi ili asichapwe tena. Kilimfuata hadi kaburini. Hapo kikabaki.

Polisi walikuja, wakachimba palipotajwa na Absalom. Walitoa tope na mizizi ya mafunjo. Absalom alihojiwa siku mbili, akaachiliwa. Kwa kosa lile alikuwa ashafungwa, na jipya halikupatikana. Mercyline alipata homa wiki moja, akapona, akarudi shuleni. Hakumbuki maji. Dorca alibadilisha neno la nyumba. Safari hii alichagua kitu alichokiona dukani, kisichomhusu mtu yeyote aliyewahi kuishi kwake.

Kwenye mkutano wa mwezi wa saba, Mwalimu Agneta alisema mpango umefaulu. Hakuna mtoto aliyepotea. Mama Fabian alipiga makofi. Mzee Ondiek alimshika Dorca mkono kwa mikono miwili.

Jioni hiyohiyo Dorca alikuwa kwenye nyavu zake tena. Mercyline alishika gunia, akihesabu karai kwa sauti. Jua lilikuwa linazama.

Ng'ambo ya ua, mtu aligonga mlango. Chini, polepole. Mara tatu.

Dorca aliacha kufagia.

Mara tatu tena.

Halafu akasikia alichokuwa hajawahi kukisikia tangu mwezi wa tatu. Komeo likivutwa. Mlango ukilia kwenye bawaba. Na sauti ya Absalom, ya mtu aliyechoka kabisa, ikisema kwa upole:

"Haya basi. Ingia. Ingia, kuna baridi."

Hatua ndogo, za miguu yenye maji, kwenye sakafu ya saruji.

Mlango ukafungwa.

Dorca alisimama. Ua ulikuwa hatua kumi tu. Angeita jina moja, na mtoto yule angetoka mle ndani mbio, kama alivyokuwa akitoka akiitwa kula. Alifungua mdomo.

"Dani, karai ya ngapi hii?" Mercyline aliuliza kando yake.

Dorca akaufunga mdomo.