Jibu la Kwanza

Sisimizi mia tatu waliingia puani mwa mgonjwa, mmoja mmoja, kimya. Kila mmoja alikuwa mashine ndogo kuliko punje ya ulezi. Walipanda hadi kwenye ubongo, wakala uvimbe, wakatokea walikoingilia. Dakika arobaini. Hakuna kisu, hakuna msumeno.

Nyamizi, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari katika hospitali ya Igunduli, aliwatazama kupitia kioo mpaka mate yakamkauka. Alitaka upasuaji wa ubongo, si kingine. Nchi nzima nafasi ya mafunzo ilikuwa moja kwa mwaka, waombaji tisini. Asiye na utafiti uliochapishwa, fomu yake haikusomwa hata jina.

"Tafuta swali dogo," msimamizi wake, Profesa Mbelwa, alimwambia. "Usijifanye unatibu dunia. Uliza kama sisimizi wanaacha maumivu. Sikizi itakusanya majibu, wewe uandike."

Sikizi ilikuwa sikio la bati lililoning'inia juu ya kila kitanda. Kila asubuhi iliuliza, "Habari za leo?" kisha ikageuza jibu kuwa namba ya maumivu, sifuri mpaka kumi. Lakini wagonjwa waliongea mno: mbuzi, wakwe, mvua. Nyamizi alichoka kuchambua. Akaiamuru Sikizi ichukue jibu la kwanza tu, mengine iyafute.

Wagonjwa mia sita. Maumivu, sifuri. Utafiti ukachapishwa, jina lake likiwa la kwanza. Kwa ushahidi huo, sisimizi wangepelekwa hospitali nyingine kumi na mbili siku ya Jumatatu.

Ijumaa alipita wodini kupiga picha na mgonjwa kwa ajili ya jarida la hospitali. Akamchagua Bi Kalunde, aliyekuwa amejifunga kilemba cha kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za leo?"

"Nzuri."

Juu ya kitanda Sikizi ikadaka jibu hilo, ikalia ti! ikazimika. Nyamizi alikuwa bado anaweka kola yake sawa. Bi Kalunde akaendelea.

"Ila kichwa, mwanangu, kinawaka moto. Silali. Hata jina la mjukuu wangu limenitoka, namwita 'wewe'."

"Mbona umesema nzuri?"

"We binti umelelewa wapi? Mtu akuulize habari, umtupie ugonjwa usoni? Kwanza unasema nzuri. Halafu ndiyo unasema."

Mwanamume wa kitanda cha pili akaguna. "Hilo bati lenu halina adabu. Likishasikia nzuri, linaziba sikio."

Nyamizi alizunguka vitanda vyote ishirini. Nzuri, ila. Nzuri, ila. Picha haikupigwa.

Akaandika barua ya kuuondoa utafiti wake, akijua anazika na fomu yake. Akaipeleka kwa Profesa.

"Aa, mpasuaji wangu! Nafasi umepata, wamenipigia sasa hivi. Habari?"

"Nzuri, Profesa."

Mdomo ulijibu wenyewe. Alisimama akingoja aulizwe tena. Profesa alikuwa ameshageukia kazi zake.

Barua ilirudi mfukoni.

Jumatatu masanduku kumi na mawili ya sisimizi yakapakiwa garini. Nyamizi aliyapita akiinamisha kichwa. Mlangoni, Sikizi ya wafanyakazi ikamuuliza habari za leo.

"Nzuri," alisema, akavuta pumzi ili aendelee.

Ilikuwa imeshaandika sifuri.