Kaseti ya Ndoa Iliyovunjika

Kaseti moja tu ndiyo iliyoibiwa, na kufuli ilikuwa nzima.

Inspekta Murithi alipiga magoti mbele ya kabati jipya la Mzee Golicha, mtaani Chechelesi, Agosti 1987. Ndani zilisimama kaseti mia tatu za video. Kila harusi kubwa ya Isiolo, Golicha ndiye aliyeirekodi.

"Kwanza niliziweka kwa sanduku la bati," mzee alieleza. "Joto likakunja tepu. Nikajaribu rafu, vumbi likaingia. Ndiyo nikachagua kabati la mbao. Na bado wameniibia."

Iliyopotea ilikuwa ya harusi ya Dima na Asli, ambao walikuwa wameachana. Golicha alikuwa na desturi yake na mji mzima uliijua: ndoa ikivunjika, kaseti yake hufutwa, harusi nyingine ikarekodiwa juu yake. Hiyo ilikuwa ifutwe Ijumaa.

Murithi alianza na Asli. Alimkuta sokoni akiuza maziwa ya ngamia.

"Niibe sura ya Dima?" Asli alicheka mpaka akashika mbavu. "Nilimwacha na sura yake yote, Inspekta. Ukiipata hiyo tepu, niletee nifungie mbuzi."

Dima naye alikuwa mashambani huko Rapsu wiki mbili nzima akimwagilia vitunguu, na mashahidi walikuwepo.

Murithi akarudi kwenye eneo la tukio. Unga wa kupimia alama za vidole ulionyesha vidole vya mzee peke yake. Akavuta kabati kutoka ukutani. Mgongo wake ulishikwa na skrubu nane, zote zimekazwa barabara, lakini vichwa vyake vilikuwa na mikwaruzo mipya.

Mwizi alikuwa ameufungua mgongo, akachukua kaseti, kisha akarudisha skrubu zote. Hata vumbi la mbao alikuwa amelipangusa. Mwizi wa kawaida hukimbia. Huyu hakuweza kuacha kazi ikiwa mbovu.

"Nani alikutengenezea hili kabati?"

"Lochoro, fundi wa Ngaremara."

Lochoro aliishi peke yake nyuma ya karakana. Kitanda kimoja, kigoda kimoja, kikombe kimoja. Murithi alikitazama kikombe kile kwa muda. Chumbani kwake, katika nyumba za polisi, kilikuwemo kimoja vilevile.

Kaseti ilikuwa chini ya mto, imefungwa ndani ya gauni la mtoto.

"Una mashine ya video?"

"Sina."

"Una stima?"

"Sina, afande."

"Sasa kaseti ni ya nini?"

Fundi alikaa kitandani.

"Mtoto wangu Akiru yuko ndani. Aliwanawisha wageni mikono kwa hiyo harusi. Mwaka uliofuata malaria ikamchukua. Mama yake alikuwa ametangulia. Sina picha yake hata moja. Nilipoleta kabati, mzee akaniambia ni kaseti gani itafutwa. Nikangoja aende kuswali maghrib."

"Kwa nini hukumwomba?"

"Ningemwomba nini, afande? Ni harusi ya watu."

Murithi hakumfunga pingu. Alimrudisha Chechelesi pamoja na kaseti, akasema kielelezo lazima kikaguliwe. Golicha akaiweka kwenye mashine.

Maharusi wakapita, wazee wakapita. Kisha msichana mwembamba akaingia na birika na beseni, akatazama kamera, akacheka, akatoka. Sekunde sita.

Golicha alirudisha tepu bila kuambiwa. Akairudisha tena. Mara ya tatu akaitoa kaseti, akachukua kisu na kuvunja kile kijino cha plastiki ubavuni, ambacho kisipokuwepo mashine haiwezi kurekodi juu yake. Akamwambia Murithi kwamba malalamiko yake ameyaondoa. Akairudisha kaseti ndani.

Msichana akacheka tena.

"Alikuwa na mwanya," Lochoro alisema polepole. "Nilikuwa nimeshasahau."