Siku Triza Alipovaa Nguo ya Annah

Jumapili hiyo ilianza vizuri tu. Jua la mtaa wetu wa Umoja lilikuwa limetulia juu ya mabati, watoto wanacheza mpira katikati ya barabara, na mimi nilikuwa nimeshajipaka mafuta na kufunga kitambaa changu cha kijani tangu watu waende kanisani. Siku ya kuwakumbuka wafu wetu siikosi hata nikiwa na homa. Chapati huwa nyingi, na habari huwa nyingi kushinda chapati.

Sisi ni watu wa Mulukhu, kijiji kimoja huko Bungoma, lakini kazi imetutawanya Eastlands yote, huku Nairobi. Wengine wako hapa Umoja, wengine Mukuru kwa Njenga karibu na viwanda, wengine Ziwani. Mtu akifa nyumbani, si kila mmoja anapewa ruhusa kazini aende kuzika. Ndiyo maana mwisho wa mwaka tunakutana kwa mzee Opicho, mwenyekiti wetu, tuwakumbuke wote waliotuacha.

Na hatuwakumbuki kwa kusoma makaratasi. Mtu anavaa nguo ya marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, anatueleza maisha yake. Kama alikuwa mlevi, unapepesuka. Kama alikuwa mchoyo, unaficha bakuli la nyama nyuma ya mgongo. Tunacheka mpaka machozi yanatoka, halafu yale machozi yanageuka kuwa ya kweli. Ukimaliza unavua, unanawa mikono, unakula. Marehemu anaenda zake ameridhika.

Lakini kabla nguo haijavaliwa, mwenyekiti lazima aulize: "Nani ana neno na marehemu?" Kama ulimkosea, unasimama na kusema mbele ya watu. Ukiwa na neno ukanyamaza, usiiguse ile nguo. Hilo hata watoto wetu waliozaliwa hapa Nairobi wanalijua.

Triza hakuwa mtu wa Mulukhu. Na Opicho siku hiyo alikuwa na njaa.

Huyu Triza ni bibi wa pili wa Javan, bibi wa mjini. Bibi wa kwanza alikuwa Annah, aliyebaki nyumbani na ng'ombe na shamba wakati Javan anafanya kazi kiwandani huku. Annah nilimjua tangu aolewe. Mwanamke mfupi, mkono wa kushoto daima uko kiunoni kwa sababu mgongo ulikuwa unamsumbua, na akitaka kukuambia ukweli unaouma, kwanza anakohoa kidogo. Ukisikia kile kikohozi, unatafuta njia ya kwenda kwako. Alifyatua matofali kwa mikono yake, akayachoma, akajenga nyumba ambayo wanaume wa Mulukhu walikuwa wanaipita wakiangalia upande mwingine kwa aibu.

Wakati wa mvua kubwa ya Aprili, Annah alikuja Nairobi akiumwa, aone daktari. Alifikia kwa Javan, vyumba viwili vya juu ya duka la Nurto, hapo ng'ambo ya barabara kutoka kwa Opicho. Hakurudi Mulukhu akiwa hai. Triza alituambia alimpeleka hospitali, na Annah akamfia mikononi wakiwa kwenye foleni. Alilia sana akituambia. Nilimwangalia, nikaona analia bila kamasi. Mimi kilio cha bila kamasi sikiamini, lakini nilinyamaza. Yaani, niliwaambia watu wachache tu.

Sasa Triza alikuwa anaitaka ile nyumba ya matofali. Alikuwa ameshawatangazia wanawake wote wa ploti kwamba anahamia huko, afuge kuku wa kisasa. Lakini kwetu, mke mwenza haruhusiwi kulala katika nyumba ya marehemu mpaka amvae mbele ya ukoo na watu waridhike. Akifaulu, anapewa ufunguo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Opicho.

Basi tukaanza na marehemu mzee Nabiswa, yule aliyetembea miaka yote na redio isiyo na betri, akitusomea habari alizotunga mwenyewe. Mjukuu wake alivaa koti lake, akaweka kiatu sikioni, akatangaza kwamba Rais anakuja Mulukhu kununua mbuzi. Tulicheka, jamani! Mama mmoja alianguka kutoka kwenye kiti.

Halafu harufu ya kuku ikatoka jikoni. Opicho akameza mate.

"Haya, Annah. Chakula kinapoa. Nani anamvaa?"

Nilimvuta shati. "Mzee, hujauliza lile swali."

"Kukhu, wewe nawe! Annah alikuwa na neno na nani, labda kuku? Wacha watu wale."

Kukhu ndiyo mimi. Kwetu maana yake ni nyanya, mama mzee. Nikarudi kukaa.

Javan alitoa nguo kwenye mfuko: ile ya samawati yenye kola nyeupe, ya kanisani. Hakumwangalia mtu yeyote. Triza aliivaa juu ya nguo yake na kuanza kutembea akizungusha makalio.

"Huyo ni Annah ama ni mrembo wa kalenda?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Annah alikuwa anabeba kuni, dada, si mkoba!" mwingine akadakia.

Tulicheka. Triza naye akacheka, lakini jicho lake lilikuwa kwenye mfuko wa Opicho. "Mulembe," akatusalimu, ulimi mzito. "Mimi ni Annah. Nilikuwa mke wa Javan. Huyu mwenzangu Triza nilimpenda kama ndugu yangu wa tumbo moja. Nilipougua, yeye ndiye..."

Akanyamaza.

Tulidhani amesahau. Mdomo ulibaki wazi. Halafu mkono wake wa kushoto ukapanda, polepole, ukakaa kiunoni.

Akakohoa kidogo.

Mjue kwamba Triza hakuwahi kumwona Annah akiwa amesimama. Alimpokea akiwa mgonjwa wa kulala. Nani alimfundisha kikohozi kile?

"Krrrru, kru, kru, kru." Alikuwa anaita kuku. Annah peke yake ndiye aliyeita kuku hivyo, ulimi ukitetemeka kwenye meno. Mtu mmoja akaanza kucheka, akakatiza.

Halafu akageuka kwangu. "Kukhu. Bado unanusa sufuria za watu?"

Aliniuliza kwa Kibukusu. Kibukusu chetu cha ndani kabisa, cha Mulukhu, na Triza hata "njoo ule" hajui kuisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya Annah kila nikimtembelea saa za chakula. Tulikuwa wawili tu tuliojua mzaha huo, na mmoja wetu alikuwa kaburini.

Nilihisi mkojo umenikaribia, nisiwafiche.

Akaanza kueleza maisha yake. Alitaja ng'ombe wake kwa majina. Alitaja mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kabla ya kupewa jina. Alitaja matofali, na jinsi alivyoyafunika kwa nguo zake mwenyewe mvua iliponyesha. Wanawake walikuwa wanalia. Ilikuwa sauti yake. Si kama sauti yake. Yake.

Halafu akasema, "Nina kiu."

Mtu akampa kikombe cha maji. Alikishika kwa mikono miwili, akakipeleka mdomoni. Maji yote yakamwagika kifuani. Midomo haikufunguka. Ilikuwa imekauka, imepasuka pasuka, na dakika chache kabla ilikuwa na rangi ya mdomo.

"Triza," akanong'ona. "Fungua mlango."

Akatega sikio.

"Siombi chakula. Maji tu. Triza. Fungua."

Akainama mezani. Akagonga kwa vifundo vya vidole. Ko. Akapumzika, kama mtu asiye na nguvu. Ko. Akapumzika tena. Ko.

Kitu kikaanguka mlangoni, chupa zikapasuka. Alikuwa Nurto, mwenye duka, ameleta kreti ya soda tuliyoagiza. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Shosho," akaninong'oneza, ndivyo watu wa mjini wanavyoniita nyanya, ameng'ang'ania mkono wangu. "Hiyo sauti. Hiyo hiyo. Ilikuwa juu ya dari yangu siku za mvua. Nilimuuliza Triza. Akaniambia anatwanga kitunguu saumu."

Nilimjua Nurto tangu afungue duka. Si mtu wa maneno mengi. Na yeye hakuwahi kumwona Annah hata siku moja.

Ko.

Sasa alikuwa amemgeukia Javan.

"Baba," akamwita, kama alivyozoea kumwita mumewe. "Ulirudi kutoka kazini. Nilisikia viatu vyako. Ulikuja mpaka mlangoni, ukasimama."

Javan alikuwa anatikisa kichwa. Hapana. Hapana.

"Nikagonga. Ulisikia."

Ko.

"Ukaenda."

Opicho alisimama. Ndipo lile swali likamtoka, jasho linamtiririka: "Na... nani ana neno na marehemu?"

Yule aliyevaa nguo akamgeukia. Akakohoa kidogo.

"Sasa ndiyo unauliza?" akasema. "Mimi ndiye mwenye neno."

Tulimrukia tumvue. Nguo ilikataa. Ilikuwa imemshika mwilini kama ngozi ya pili, na ilikuwa ya moto, moto wa mtu mwenye homa. Tuliikata kwa makasi ya jikoni, kipande kwa kipande, na kila kipande kikitoka Triza anapiga kelele kwa sauti isiyo yake. Kola ilipotoka shingoni, akaanguka.

Alipofungua macho, alikuwa Triza. Aliketi, akajifuta jasho, akatabasamu.

"Nimemaliza? Mmeridhika?" Akanyoosha mkono kwa Opicho. "Ufunguo, mzee."

Opicho akafunika mfuko wake kwa mkono. Hata chapati siku hiyo hatukula, na hilo mimi nililiona kama msiba wa pili.

Triza akalamba midomo. "Kwani mko hivyo kwa nini? Nipeni maji basi."

Opicho alienda kituoni kuripoti. Askari walimuuliza shahidi ni nani. Angesema nini, kwamba ni marehemu mwenyewe? Waliandika jina lake, wakamwambia aende atulie. Sisi ukoo tulikaa tukaamua kwamba Triza hataikanyaga nyumba ya Annah maisha yake yote. Hatukujua maisha yenyewe yamebaki mafupi vile.

Alianza kunywa maji jioni ile ile. Kikombe, halafu jagi, halafu ndoo. Mtu wa mkokoteni alikuwa anapandisha mitungi kwao asubuhi na jioni. Nilienda kumwona. Sikwenda kwa huruma, msinisingizie. Nilikwenda kuona.

Nilimkuta ameketi sakafuni katikati ya mitungi, amelowa kutoka kidevuni mpaka miguuni. Maji yalikuwa yamejaa chumba kizima. Lakini ngozi yake ilikuwa imekunjamana, macho yameingia ndani, na ulimi ulikuwa mweusi kama wa kasuku.

"Kukhu," akaninong'oneza. "Hayashuki."

"Unameza, mwanangu. Nakuona unameza."

"Yanafika hapa." Akagusa koo. "Halafu kuna mtu anayachukua."

Nilitoka bila kuaga.

Alikufa kabla ya shule kufunguliwa. Daktari alimuuliza Javan ni jangwa gani walikomwokota huyu mama, maana mwilini mwake hamkuwa na tone. Alizikwa makaburi ya Lang'ata, mjini humu humu alimotaka kuhama. Nyumba ya matofali aliingia dada yake Annah, na nasikia analala vizuri, hakuna kinachomsumbua.

Javan alihamia Mukuru. Kwa watu anasema Triza alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kwamba siku ile ilikuwa maigizo tu. Nilikutana naye karibu na kituo cha magari nikamwambia wazi, "Javan, kakubali kosa lako mbele ya watu." Akaniambia, "Kukhu, zeeka kwa adabu."

Sawa. Nimezeeka kwa adabu, nikasubiri.

Wiki iliyopita Nurto alinipigia simu nishuke dukani. Nilimkuta amefunga mlango nusu, na ilikuwa mchana wa jua kali, saa ambazo wateja ni wengi.

"Alikuwa hapa," akasema.

"Nani?"

"Javan. Amekuja kutoka huko Mukuru kununua maji ya chupa. Anasema ya mtungi yana chumvi, hayakati kiu." Akashusha sauti. "Midomo yake, Shosho. Imeanza."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulinizuia. Aliniambia alinyoosha mkono kwenye rafu amchukulie chupa. Ilikuwa nyepesi. Akachukua ya pili, nyepesi. Chupa zote za rafu ya mbele, ile iliyokuwa karibu na Javan, zilikuwa tupu. Za rafu ya nyuma zimejaa kama kawaida. Javan akaziona. Akatoka mbio, akaacha kiatu kimoja kwenye mtaro.

"Wamekuuzia chupa tupu," nikamwambia. "Nairobi hii?"

"Nilizipanga mwenyewe asubuhi. Zilikuwa zimejaa." Akanipa moja. "Angalia."

Niliigeuza geuza. Kifuniko kilikuwa na ile pete yake ya plastiki, haijakatika. Hakuna tundu, hakuna ufa. Nilifikiri nitaona unyevu kidogo chini. Ilikuwa kavu kabisa. Nikaiinua kwenye mwanga wa mlango, na hapo ndipo nikaona ukungu kidogo, kama mtu amepumulia kioo. Katikati ya ukungu kulikuwa na alama ya midomo, imepasuka pasuka.

Nikaifuta kwa kidole gumba. Haikutoka.

Ilikuwa upande wa ndani.