Siku Loisi Alipokiharakisha Kisima

Mtu anapokabwa na kiu, ni nani ndani yake anayemwambia "ngoja", na ni nani anayemwambia "chota"? Kila alfajiri alipokuwa akishuka mtoni na kibuyu kichwani, Loisi alisikia sauti hizo mbili zikishindana kifuani mwake, wala hakujua ipi ilikuwa yake.

Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Kiangazi kilikuwa kimefika ukingoni bila dalili ya wingu, katika ile miaka ambayo Wajerumani walikuwa wakiitawala nchi na reli yao ilikuwa bado haijafika Dodoma. Baba yake Loisi alikuwa amechukuliwa pamoja na wanaume wengine kwenda kujenga tuta la reli upande wa Morogoro. Katika kijiji cha Mlohe walibaki wanawake, watoto, wazee, na ng'ombe waliokonda hata wakawa wanasimama kwa kuegemeana.

Maji yalipatikana chini ya mchanga wa mto. Kisima kilichokitegemeza kijiji kizima kilikuwa cha mzee Matonya, kwa sababu ndiye aliyekichimba, na kwa desturi ya Wagogo aliyechimba kisima ndiye mwenye neno juu yake. Neno lake lilikuwa fupi.

"Anayeingia, aingie na kata ya kuchotea tu," alizoea kusema. "Asichokoe chini kwa kitu kigumu. Maji yakichafuka, atoke, akae, akiache kisima kirudi. Chini pana udongo wa mfinyanzi. Juu ya udongo ule Mungu ameweka maji matamu, na chini yake ameweka chumvi."

Loisi aliyajua maneno hayo tangu alipoanza kubeba kibuyu. Siku hizi, akiwa binti wa miaka kumi na mitatu, alikuwa ameanza kudhani kwamba habari ya chumvi ilikuwa ya kuwatisha watoto tu.

Kisa hiki kilianza asubuhi ya Ijumaa moja. Wakristo wachache wa Mlohe walikuwa wamekubaliana kufunga kila Ijumaa kuombea mvua, watu wazima na watoto wakubwa, bila kula hadi adhuhuri. Loisi aliifunga saumu hiyo kwa bidii, na alipenda bidii yake ionekane.

"Mbona midomo imekukauka hivyo?" aliuliza Mwanahawa, aliyekuwa mbele yake kwenye foleni ya kisimani. Mwanahawa alikuwa binti wa Hassani, mfanyabiashara wa tumbaku kutoka Kondoa, aliyekuwa amepiga kambi kando ya kijiji tangu mavuno.

"Nimefunga," alijibu Loisi, akinyoosha shingo. "Naombea mvua. Sitakula mpaka jua lifike utosini."

Mwanahawa akacheka. "Mpaka utosini tu? Dada, hiyo si saumu, huko ni kuchelewa kula! Sisi Ramadhani tunafunga mpaka jua lizame, na tone la maji halipiti."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Zipora, jirani yao, mwanamke mwenye ulimi usiopumzika, akapiga makofi. "Umepatikana leo, mtoto wa kanisa!"

Loisi hakucheka. Uso ulimwaka. Papo hapo, bila kumshauri mtu yeyote, akaapa moyoni kwamba leo hata yeye hangekula wala kunywa mpaka jua lizame, na kesho yake angelisema hilo mbele ya foleni nzima.

Baadaye asubuhi ile watoto wa Wakristo walikusanyika chini ya paa la nyasi lililokuwa kanisa lao na darasa lao pia. Mwalimu Nikodemo, kijana mrefu aliyefundishwa na wamisionari huko Mpwapwa, alikuwa akiwaeleza habari za kiasi, yaani mtu kuitawala nafsi yake mwenyewe kwa msaada wa Mungu.

"Nani atanipa mfano?" aliuliza.

"Kufunga, Mwalimu," alisema Loisi upesi. "Mimi leo sinywi hata maji."

Nikodemo akamgeukia. "Nani aliyekuagiza usinywe maji katika jua hili?"

"Hakuna, Mwalimu. Nimeamua mwenyewe."

"Umemwamulia Mungu, au umemwamulia mtu?"

Watoto wakageuka kumtazama. Loisi akainamisha kichwa, akachora mchangani kwa kidole, na Mwalimu hakumbana zaidi. Alisema tu, "Kiasi hakihitaji watazamaji," kisha akaendelea na somo.

Aliporudi nyumbani alimkuta mdogo wake, Marko, amelala juu ya ngozi ndani ya tembe, nyumba yao ya paa la udongo, mwili ukiwaka kwa homa. Mama yake, Lydia, alikuwa akimpangusa kwa kitambaa kilichokwisha kukauka.

"Mwanangu, amekunywa maji yote yaliyokuwamo kibuyuni, na bado analia maji," alisema mama. "Nimekwenda kumwomba mzee Matonya. Ametukubalia uchote alasiri hii, ingawa ni saa ya kisima kupumzika. Amekubali kwa ajili ya mgonjwa, na kwa kuwa anakuamini. Chota polepole, Loisi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Jua la alasiri lilikuwa kama kaa la moto mgongoni. Mtoni hapakuwa na mtu. Loisi aliondoa matawi ya miiba yaliyofunika kisima, akateremka, akachuchumaa. Chini kabisa palikuwa na maji kiasi cha kujaza kiganja. Akachota kata ya kwanza, yakatoka na mchanga. Akangoja. Akachota tena, matope.

"Ngoja," ilisema sauti moja. "Toka, ukae, kirudi."

Lakini ulimi ulikuwa umemganda kinywani kama kipande cha ngozi, kichwa kilimzunguka, na alipofumba macho alimwona Marko akipapasa kibuyu kitupu. Pembeni, juu ya mchanga, palikuwa na kijiti kigumu ambacho wachungaji hutumia kuchimbulia mizizi. Loisi alikitazama. Akageuza uso. Akakitazama tena.

"Kidogo tu," alijiambia. "Nifungue njia ya maji."

Akachokoa. Mara ya kwanza hapakutokea kitu. Akachokoa kwa nguvu zaidi, akasikia kijiti kikizama ghafla, kama kilichotoboa ngozi ya ngoma. Maji yakapanda! Yalijaa taratibu mpaka vifundoni. Loisi alichota yale ya juu, akayaonja. Yalikuwa matamu. Akasahau saumu, akasahau kiapo, akanywa hadi pumzi ikamkata. Akajaza kibuyu, akapiga magoti ndani ya kisima, akamshukuru Mungu kwa kujibu maombi upesi namna ile.

Alfajiri iliyofuata kelele zilisikika kutoka mtoni kabla foleni haijatulia. Kisima kilikuwa kimejaa kuliko walivyowahi kukiona wakati wa kiangazi, na Zipora, aliyekuwa wa kwanza kunywa, alikuwa akitema mate na kupangusa ulimi kwa kanga.

"Chumvi!" alipiga kelele. "Chumvi tupu! Hata ng'ombe atayakataa!"

Mzee Matonya alifika akikokota mguu wake mbovu. Aliteremka, akaonja, akapapasa chini kwa mkono. Alipotoka, uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Kimetobolewa," alisema. Akawatazama wote, kisha macho yake yakatua kwa Loisi. "Mjukuu wangu, wewe ulichota jana alasiri. Ulikiachaje?"

Loisi alifungua kinywa. Neno la kweli lilikuwa pale pale, ulimini. Lakini jingine lilikuwa jepesi zaidi, nalo ndilo lililotoka.

"Nilikiacha kizima, babu."

"Basi ni wale!" Zipora akadakia. "Jana magharibi niliwaona punda wa Hassani mtoni, kwa macho yangu haya. Wamechimba wapate kuwanywesha punda wao. Watu wa kupita, wana uchungu gani na kisima chetu?"

Hassani aliitwa. Aliapa kwamba punda wake walivuka tu, na kwamba yeye hakutia hata mkono. Mzee Matonya alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Binti huyu sijapata kumsikia akisema uongo. Fungasha mizigo yako, Hassani. Jua lisizame ukiwa Mlohe."

Siku ile Loisi hakujua pa kujiweka. Chemchemi iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa mwendo wa nusu siku, na wanawake walioondoka na vibuyu wasingerudi mapema. Marko, aliyekwisha kuyamaliza maji ya jana usiku ule ule, alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akawa hata kulia halii, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kilio. Loisi alijaribu kuomba. Kila alipotamka "Baba yetu", maneno yalikwama, kwa maana alikumbuka jinsi alivyopiga magoti ndani ya kisima alichokwisha kukiharibu, akamtolea Mungu shukrani kwa kosa lake mwenyewe.

Adhuhuri kivuli kilisimama mlangoni. Alikuwa Mwanahawa, amejifunga kwa safari, ameshika kibuyu kidogo.

"Haya ndiyo yaliyobaki kwetu," alisema. "Baba amesema mgonjwa kwanza, sisi tutapata njiani." Alipoona Loisi hanyooshi mkono, akajaribu kutabasamu, ijapokuwa midomo yake ilikuwa imepasuka. "Usinitazame hivyo. Sijatia chumvi."

Mama alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Loisi alisimama. Sauti moja ilimwambia angoje kwanza Hassani aondoke, kwa kuwa yakishapita yamepita. Safari hii alitambua kwamba kungoja nako kungeweza kuwa uongo, na kwamba sauti iliyomsukuma kuchokoa kisima ndiyo hiyo hiyo iliyomtaka sasa akae kimya. Mara zote mbili ilitaka jambo moja, yaani yeye apate nafuu upesi.

"Ee Bwana, nishike," alisema kwa sauti ya chini, akatoka nje.

Aliwakuta watu wamekusanyika mbele ya kambi, Hassani akifunga kamba juu ya punda, mzee Matonya akisimamia, Mwalimu Nikodemo akijaribu kumsihi mzee awape wageni hata siku moja zaidi.

"Shikamoo, babu," alisema Loisi.

"Marahaba. Mdogo wako anaendeleaje?"

"Babu, ni mimi niliyetoboa kisima. Nilichokoa kwa kijiti. Sikuweza kungoja. Na asubuhi nilisema uongo."

Zipora akajishika kiuno. "He! Mfungaji wetu! Mwombea mvua! Kumbe saumu yote ile ulikuwa unatutafutia chumvi?"

"Zipora, inatosha," alisema Lydia, aliyekuwa amemfuata binti yake. Hakumtazama Loisi, na jambo hilo lilimuumiza binti kuliko kofi.

Mzee Matonya alipiga fimbo chini. "Nilikuamini!" alifoka. "Nilimfukuza mtu na watoto wake kwa neno lako!" Kisha akamgeukia mfanyabiashara. "Hassani, nimekukosea mbele ya watu, na mbele yao nasema hivyo. Shusha mizigo yako."

Hassani alitazama kamba mkononi. "Mizigo nitaishusha," alisema, "lakini punda wasikae bure. Tundu la namna hii huzibwa kwa udongo wa kichuguu. Nionyeshe kilipo, mzee, nao watabeba."

Wakafanya kazi mchana ule wote na siku iliyofuata. Punda walileta udongo, wanawake waliufinyanga, na Mwalimu Nikodemo, kanzu yake ameifunga kiunoni, aliukanyaga kwa miguu kama mtu wa kawaida. Loisi alikuwa kando yake, matope hadi magotini. Waliziba tundu kwa udongo uliokandwa vizuri, wakachota maji ya chumvi hadi yakaisha, kisha mzee Matonya akachagua mahali pengine juu kidogo ya hapo, wakachimba kwa mikono, polepole, mpaka mchanga ukaanza kulowa.

"Mwalimu," Loisi aliuliza, "nilishinda njaa, nikashinda kiu karibu siku nzima. Mbona nilishindwa kungoja kidogo tu?"

Nikodemo aliendelea kukanyaga udongo alipokuwa akijibu. "Kwa sababu ile njaa uliishinda kwa ajili ya Mwanahawa na foleni, mwanangu. Kisimani hapakuwa na mtu wa kukuona ila Mungu, na wewe hukuwa umezoea kumfanyia lolote Mungu peke yake. Kiasi ni kungoja kata ijae pale ambapo hakuna anayekutazama. Ni kuushika ulimi usidanganye unapoogopa. Mambo hayo ni madogo, na huwezi kuyafanya kwa nguvu zako siku moja ya kishindo. Huombwa kila siku, na hufanywa kila siku. Ila leo mchana, ulipotoka nyumbani kuja kusema kweli, ulifanya moja."

Siku ya tatu maji matamu yalionekana ndani ya kisima kipya, machache, meupe kama maziwa kwa vumbi la udongo, kisha yakatulia. Marko alikunywa, akalala usingizi wa kweli, na homa ikaanza kumwacha. Mzee Matonya aliwaita wote kupanga foleni upya, wenye wagonjwa na wenye watoto wachanga wakatangulia. Alipofika kwa Lydia, akamwonyesha Loisi nafasi yake ya zamani, nyuma ya Mwanahawa.

Loisi hakuisogelea. Alitazama kinyume, mahali foleni ilipoishia chini ya jua, akasema kwa sauti iliyosikika na kila mtu:

"Babu, maji ya mgonjwa atachota mama. Mimi kuanzia leo nitachota wa mwisho, baada ya watu wote, mpaka mvua inyeshe. Na sitaondoka kisimani kabla sijakifunika kwa miiba."