Kijumba Kilichoharibu Picha

Habari hizi zilimpata Venant, shemeji wa jirani yetu Selina, mwaka 1993. Zingempata mtu mwenye adabu kidogo ningemhurumia. Lakini Venant! Alishuka stesheni ya Mwanza asubuhi, kamera shingoni, miwani ya jua usoni, akiwatazama watu kama vile wamewekwa pale kumzibia. Kampuni mpya ya utalii ya Dar es Salaam ilikuwa imempa kazi ya kupiga picha za kalenda, na tangu siku hiyo hata salamu aliitoa kwa kubana pua.

Siku mbili alizunguka. Alipiga Jiwe la Bismarck, akapiga sato waliopangwa sokoni, nakshi za milango ya maduka ya zamani, kivuko cha Kigongo kikipakia ng'ombe. Mji mzuri, alisema, tatizo watu wake. Aliwafukuza mbele ya lenzi kama kuku. Filamu aliipimia vizuri: picha thelathini na tatu za safari, tatu za mwisho za Annet, binti yake wa miaka minane, aliyekuwa anapokea komunio ya kwanza Jumapili hiyo. Annet ndiye binadamu pekee ambaye Venant hakumdharau. Kwa huyo mtoto moyo wake ulikuwa laini kabisa.

Siku ya tatu, mchana, alipanda mlima wa mawe kule Igogo kutafuta picha ya mji mzima. Aliipata uani kwa mama mmoja aitwaye Ng'washi. Mabati, barabara, ziwa lote, vyote viko chini yake. Ila ukingoni mwa jiwe kilisimama kijumba cha nyasi, kimo cha goti, na unga wa mtama umenyunyizwa mlangoni. Kilimharibia picha.

Mtu mwingine angesogea hatua mbili. Venant alikinyanyua kijumba akakitupa nyuma ya jiwe.

Ng'washi alitoka na ungo wa dagaa mkononi. Hakupiga kelele.

"Humo anakaa bibi yetu," alisema kwa sauti ndogo. "Ludisha, baba. Kabla hujaondoka."

"Bibi yenu mfupi sana," Venant akajibu huku akicheka. "Mjengeeni ya bati, anyooshe miguu."

"Usipoludisha atakufuata. Hana tena pa kukaa."

Venant alipiga picha yake, akateremka akiigiza matamshi ya yule mama, amejifurahisha mwenyewe. Alipiga moja zaidi stesheni, nyingine Tabora kupitia dirisha la treni. Jumapili, akiwa amesharudi kwake, alimpiga Annet zile tatu mlangoni mwa kanisa, gauni jeupe, mshumaa mkononi. Jumatatu akapeleka filamu kusafishwa, na Jumanne mchana alikuwa studio, anazipitia picha akiwa amesimama.

Picha ya mji mzima ilitoka safi. Ila mahali alipoondoa kijumba alikuwa ameketi bibi kizee, mgongo kwenye kamera.

Venant alikasirika. Nani kaingia kwenye picha yangu?

Stesheni ya Mwanza, bibi yupo jukwaani. Amegeuka nusu.

Tabora, yupo kando ya reli. Anatazama dirishani.

Picha ya kwanza ya Annet. Bibi yuko nyuma yake, hatua chache.

Ya pili. Mkono wa bibi uko begani kwa mtoto.

Ya tatu, Annet alikuwa peke yake. Anatabasamu. Mshumaa umezimika.

Venant alikimbia. Mwanaume mzima na miwani yake ya jua, alikimbia mitaa mitano akilitaja jina la mwanawe, na safari hii ni yeye aliyekodolewa macho. Kiburi kilimwishia njiani. Kilichobaki kilikuwa hofu tupu ya mzazi.

Mkewe Evelina alikuwa amesimama nje ya mlango wao wenyewe.

"Usiongee kwa nguvu," alinong'ona. "Tangu asubuhi ameketi tu. Hataki nimguse."

Annet alikuwa ukumbini, chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele, mikono mapajani. Nyayo zake zilikuwa na magaga. Magaga makavu, yaliyopasuka hadi nyama, kwenye miguu ya mtoto wa miaka minane.

"Annet," Venant aliita. "Mwanangu. Ni baba."

Mtoto aliinua macho. Alimtazama kuanzia viatuni mpaka usoni, taratibu. Alikuwa anangoja.

Venant alijikuta amepiga goti. Alijua anachongojewa, akajaribu kukizuia, kikatoka.

"Shikamoo."

"Malahaba," alijibu Annet, kwa sauti nzito ya mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani.