Kopo Jekundu Lililonguruma

Kila siku akitoka shule, Sisimizi alipitia kwa shangazi yake, fundi wa redio. Alivua sare, akafagia karakana na kupanga skrubu ndogo ndogo kwenye vikopo. Kisha aliruhusiwa kuketi mezani na kuchomea waya kwa risasi iliyoyeyushwa. Jina la Sisimizi alipewa na kaka yake, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na hakutulia hata dakika moja.

Kwa wiki tatu alikuwa akitengeneza pedali ya gitaa ya kaka yake. Ni kisanduku ambacho mpigaji hukikanyaga, na sauti ya gitaa ikabadilika, ikawa nzito na yenye mkwaruzo. Sanduku lenyewe lilikuwa kopo la bati alilolipaka rangi nyekundu ndani na nje, likang'aa kama embe bivu.

"Rangi haipigi muziki," shangazi alimwambia siku ya Ijumaa. "Viungo vyote vinavyokwenda kwenye ethi, njia ya kupeleka umeme ardhini, lazima vishikane na bati la kopo, la sivyo spika itanguruma. Chukua mita ya umeme, upime kimoja kimoja. Mita ikilia, kiungo ni kizima. Ikinyamaza, kuna hitilafu."

Viungo vilikuwa kumi na kimoja, vimeorodheshwa kwenye karatasi. Nje, wenzake walikuwa wanacheza rede na kumwita. Sisimizi aliitazama mita, akautazama mlango. Akachukua kalamu, akatia alama ya vema kumi na moja, moja chini ya nyingine.

"Umepima?" shangazi aliuliza.

"Nimepima, shangazi. Vyote vizima."

Jumamosi saa tisa alasiri, Sisimizi na kaka yake waliingia kwenye ukumbi ambako bendi moja ilikuwa inatafuta mpiga gitaa. Kaka alikuwa mbeba matofali. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, na bendi mbili zilikuwa zimeshamkataa. Njiani alisema kwa sauti ya chini, "Nikikosa leo, gitaa naliuza."

Alichomeka waya, akakanyaga kopo jekundu.

Mmmmmmmm! Spika ilinguruma mpaka madirisha yakatetemeka. Gitaa halikusikika kabisa.

"Kijana," kiongozi wa bendi alisema huku ameziba masikio, "tunatafuta mpiga gitaa, siyo mzinga wa nyuki!" Watu wakacheka. "Haya, kaa pembeni urekebishe. Mpiga gitaa anayefuata akimaliza, utapanda tena. Ukishindwa, nenda salama."

Sisimizi alipiga magoti sakafuni, akafungua kopo. Alibadilisha betri. Kaka akajaribu kwenye spika ndogo ya mazoezi: mmmmm. Akabadilisha waya: mmmmm. Aliposhika kopo kwa kiganja, mngurumo ukazidi. Jasho lilimtiririka, bisibisi ikamponyoka.

"Mpigie shangazi," kaka alisema. "Karakana iko mtaa wa pili tu."

Shangazi akija, jambo la kwanza atauliza habari za kupima. Sisimizi aliweka simu yake sikioni bila kubonyeza kitu. "Hapokei," alisema.

Kaka aliinamisha kichwa, akavitazama vidole vyake. Sisimizi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ndipo akakumbuka maneno ya mwanafunzi mmoja wa darasa la juu: ukiondoa waya wa ethi kwenye plagi ya amplifaya, mashine ya kukuza sauti, kelele hufa. Mpiga gitaa yule mwingine aliposhuka jukwaani, Sisimizi alijipenyeza nyuma ya amplifaya kubwa. Akachomoa plagi ukutani, akaifungua, akautoa waya wa kijani na manjano, akaifunga na kuichomeka tena. Hakuna aliyemwona.

Kaka alipanda jukwaani. Mmmmmmmm! Kelele ilikuwa ile ile.

"Basi," kaka alisema kwa unyonge, "nitapiga na kuimba hivyo hivyo." Alikamata nyuzi za gitaa kwa mkono wa kushoto, akaanza kusogeza mdomo kwenye kipaza sauti.

Maneno aliyowahi kuambiwa na shangazi yakamjia Sisimizi kama kofi: waya ule wa kijani na manjano ndio unaolinda roho ya mtu umeme unapovuja.

"Kaka, usiguse! Acha!" Alirukia ukutani, akazima swichi na kuing'oa plagi. Mngurumo ukakatika. Sisimizi alilia kwa kwikwi. "Nimetoa waya wa ethi. Na sikumpigia shangazi. Na jana sikupima hata kiungo kimoja. Nimewadanganya wote!"

Kaka alilitua gitaa taratibu, akatoa simu yake mwenyewe.

Shangazi alifika mbio, ndala mguuni na mita mkononi. Hakugombeza. Kwanza aliurudisha waya wa ethi mahali pake, akaupima mara mbili. Kisha akamkabidhi Sisimizi mita. "Haya. Kimoja kimoja."

Kiungo cha kwanza, mita ikalia. Cha pili, ikalia. Cha saba, kimya. Ni pale ambapo tundu la kuchomekea waya wa gitaa lilifungwa kwenye kopo kwa nati.

"Tazama vizuri," shangazi alisema. "Kitu gani kiko kati ya nati na bati?"

Sisimizi akainama. "Rangi," alinong'ona.

Umeme haupiti kwenye rangi. Shangazi alimpa kipande cha msasa, naye akasugua mpaka bati jeupe likaonekana. Akakaza nati, akapima. Mita ikalia. Akaendelea na viungo vinne vilivyobaki, ingawa kila mtu alikuwa anamngoja.

Kaka alipokanyaga kopo safari hii, spika ilitulia tuli. Kisha gitaa likaingia, zito, likikwaruza vizuri kama sauti ya mzee anayecheka. Kiongozi wa bendi aliacha kuegemea ukuta. Wimbo ulipokwisha alisema, "Jumatatu saa nane, mazoezi. Usichelewe."

Nje ya ukumbi, Sisimizi hakuweza kuinua uso. "Shangazi, nisamehe. Kelele ile karibu imharibie kaka kila kitu."

"Hapana, mwanangu," shangazi alijibu. "Kelele ile ilikuwa inasema kweli wakati wewe unaficha. Kosa la kiungo kimoja tumelimaliza kwa msasa, dakika tano tu. Lakini uongo wako wa kwanza ulizaa wa pili, wa pili ukakupeleka kwenye plagi, na pale ungetupotezea mtu. Kazi ambayo hukuifanya, sema hukuifanya. Aibu yake ni ya siku moja."

Kaka alimshika Sisimizi bega. "Umepiga kelele kwa wakati," alisema. "Hiyo nayo nimeihesabu."