Martine wa Sauti ya Pili

Kila Jumatano, honi ya kiwanda cha Shituru ilipolia saa sita, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari walisogeza madawati ukutani na kusimama makundi mawili kwa mazoezi ya kwaya. Sauti ya kwanza walikaa upande wa dirisha, sauti ya pili upande wa mlango. Mwalimu Stanislas alikuwa na sheria chache, na aliyoikazia zaidi ni hii: kundi moja likijifunza, lingine linafunga mdomo na kusikiliza.

Martine alikuwa na sauti nzuri kuliko wote, naye alilijua hilo kupita kiasi. Ndiye angeanzisha wimbo siku ya sherehe ya wazazi. Baba yake, Papa Constantin, alikwisha kuwatangazia majirani wote wa kambi ya Panda.

Siku moja sauti ya pili walikuwa wakihangaika na mstari wa tatu. Martine akaanza kuimba mstari wa kundi lake, tena kwa nguvu. Hélène na wenzake wa sauti ya pili wakapotea, wakajikuta wanamfuata yeye.

"Banaimba sawa bambuzi!" Martine akacheka, akalia mee kama mbuzi.

Mwalimu alishusha mkono. Hakufoka.

"Martine, simama karibu na Hélène. Utaimba sauti ya pili mpaka sherehe ipite."

"Pardon, Mwalimu! Na wimbo, nani ataanzisha?"

"Rosalie, mwenzako wa sauti ya kwanza."

Alirudi nyumbani akilia, akaapa kuacha kwaya. Mama yake alikuwa akisonga bukari ya unga wa mahindi, hata hakugeuka.

"Acha basi. Lakini batasema sauti ya pili ilikushinda, ile uliyoicheka."

Maneno hayo yalimchoma. "Haitanishinda," akasema, akafuta machozi.

Kumbe haikuwa rahisi hata kidogo! Kila walipofika mstari wa tatu, alimfuata Rosalie.

"Weye unaimba tu, hausikilize," Hélène akamwambia. "Sikiliza minye kwanza."

Martine akameza kiburi, akamwomba Hélène msamaha, akamsikiliza. Mstari ule aliurudia akiteka maji, akifua, hata akienda misa.

Siku ya sherehe Papa Constantin alibadilishana zamu kazini, akakaa kiti cha mbele. Rosalie alipoanzisha wimbo, baba huyo, ambaye hakuna aliyemwambia, akakunja uso. Martine alimwona, lakini akarudisha macho kwenye mkono wa mwalimu. Mstari wa tatu ukafika. Sauti ya pili hawakuyumba. Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Papa Constantin alimwendea mwalimu moja kwa moja.

"Mwalimu, nilisikiliza mwanzo mpaka mwisho, lakini sauti ya mutoto yangu sikuisikia!"

Martine akainama kwa aibu. Mwalimu Stanislas akamshika bega.

"Papa, kama ungemsikia yeye peke yake, wimbo ungekuwa umeharibika. Ulisikia sauti ngapi za pili?"

"Moja tu."

"Ile moja ni watoto kumi na watano. Binti yako amejifunza kunyamaza wenzake wakijifunza, ndiyo maana leo ameweza kuimba nao. Hiyo ndiyo nidhamu, na ni ngumu kuliko kuanzisha wimbo."

Papa Constantin akamnyooshea binti yake mkono, wakasalimiana kama anavyosalimiana na wenzake wa kazi.